Jina kwa faranga 22,000: Saa za kifahari zilivyokufa, zikafichwa darini na kufufuka

OKTOBA 1964, Tokyo. Kenya haijamaliza hata mwaka mmoja tangu ipate uhuru. Kwenye fainali ya mbio za mita 800, Wilson Kiprugut anafika kwenye utepe akiwa amebanana na George Kerr wa Jamaica. Saa zinawapa wote wawili muda uleule: dakika 1 na sekunde 45.9. Waamuzi wanampa Kiprugut nafasi ya tatu, na hivyo ndivyo Kenya ilivyopata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki.

Stori ya Kiprugut tunaijua, ama tunafaa kuijua. Kitu watu hawaongelei ni saa zenyewe. Michezo iliyotangulia, Roma 1960, muda ulipimwa na Omega, kampuni ya Uswisi. Tokyo kazi ikapewa Seiko, kampuni ya nyumbani. Na kati ya vifaa ambavyo Seiko walileta uwanjani kulikuwa na saa ya betri iliyotumia fuwele ya kwatzi, ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, wakati ambapo saa za aina hiyo zilikuwa na ukubwa wa kabati. Miaka mitano baadaye teknolojia hiyo iliingia kwenye saa ya mkononi. Ikaingia, na nusura iizike Uswisi yote.

Ninaandika haya kwa sababu ya maneno mawili ambayo utayakuta kwenye kila tangazo la saa ya bei: “tangu mwaka fulani”. Tangu 1735. Tangu 1755. Tangu 1839. Ukipita mitaa ya katikati ya Nairobi jioni, jamaa mwenye sanduku la kioo atakuonyesha “Rolex” kwa elfu moja mia tano, na ukibonga naye vizuri atakuachia kwa soo nane. Mjengoni kwingine, kwenye duka lenye kiyoyozi na askari mlangoni, kuna saa ambayo bei yake ingenunua ploti Kitengela. Katikati ya hizo mbili kuna swali ambalo mimi hunikera: hiyo “tangu” ni tangu kwa nani? Kwa sababu ukifuatilia vizuri, baadhi ya haya majina makubwa yaliwahi kufa. Yakakaa kaburini miaka. Halafu mtu akaja akayachimbua.

Tuanze mwanzo, lakini haraka haraka. Karne ya 16 mjini Geneva, mhubiri John Calvin na wenzake walikataza watu kuvaa vito na mapambo ya kujionyesha. Masonara wakajikuta hawana kazi. Saa haikuhesabiwa kuwa pambo, ilikuwa kifaa, basi ujuzi wao wakauhamishia huko. Wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa nao wakaingia na ufundi wao. Kufikia 1601 mafundi wa saa wa Geneva walikuwa na chama chao rasmi. Huko milimani Jura, ambako theluji humfungia mkulima ndani miezi kadhaa, familia zikaanza kutengeneza vipande vya saa nyumbani wakati wa baridi. Mmoja gia, mwingine springi, mwingine kasha.

Mwaka 1755 kijana wa miaka 24, Jean-Marc Vacheron, akasaini mkataba wa kumchukua mwanagenzi wake wa kwanza. Huo mkataba ndio cheti cha kuzaliwa cha Vacheron Constantin. Hawa “tangu” yao ninaiheshimu, maana kazi haijawahi kukatika hadi leo. Antoni Patek alikuwa mkimbizi wa Poland, alitoroka baada ya uasi dhidi ya Warusi kuzimwa, akaanza biashara Geneva mwaka 1839. Yule Philippe wa kwenye jina ni Adrien Philippe, Mfaransa aliyebuni namna ya kujaza saa bila kutumia ufunguo. Angalia vizuri: Mpolandi na Mfaransa. Rolex nayo ilianzia London mwaka 1905, na aliyeianzisha, Hans Wilsdorf, alikuwa Mjerumani aliyebaki yatima akiwa na miaka 12. Alihamia Geneva 1919 baada ya Uingereza kupandisha ushuru wakati wa vita. Kwa hivyo mtu akikuambia “Uswisi asilia”, tabasamu tu.

(Ndiyo, najua. Ukivuka mpaka hapo Busia ukaitisha rolex, utaletewa chapati iliyoviringishwa na mayai. Hiyo ndiyo rolex pekee ambayo nimewahi kulipia bila kuomba kupunguziwa.)

Na kuna Abraham-Louis Breguet, fundi wa Paris aliyefungua karakana 1775. Mwaka 1783 aliagizwa saa ya mfukoni kwa ajili ya malkia Marie Antoinette, na maagizo yalikuwa kwamba iwekewe kila kitu ambacho saa inaweza kufanya, bila kujali gharama wala muda. Muda kweli haukujaliwa. Malkia alikatwa kichwa 1793 saa haijaisha. Breguet mwenyewe akafariki 1823 haijaisha. Ilikamilika 1827, miaka 44 baada ya kuagizwa. Halafu mwaka 1983 ikaibwa kwenye jumba la makumbusho Jerusalem, ikapotea zaidi ya miaka 20 kabla ya kupatikana. Huo mwaka 1983 uweke akilini, tutaurudia.

Betri iliyovunja kijiji

Ili uelewe msiba, lazima uelewe mashine. Saa ya kizamani haina betri. Ndani kuna springi iliyokunjwa. Ukizungusha kile kichwa cha pembeni unaikaza, kisha inajikunjua polepole na kusukuma gia. Kuna gurudumu dogo linaloyumba kushoto kulia, kushoto kulia, na ndilo linalozuia nguvu yote isitoke kwa mpigo mmoja. Nyingi za leo hupiga mara 28,800 kwa saa moja. Saa ya aina hii ikipotoka sekunde tano kwa siku, mwenyewe anajisifu.

Kwatzi, lile neno “Quartz” unaloliona limeandikwa kwenye uso wa saa yako, ni mambo mengine. Ni fuwele inayotetemeka ukiipitishia umeme. Kwenye saa nyingi za siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo haikuokotwa barabarani. Igawe kwa mbili mara 15, unabaki na moja. Hiyo moja ndiyo sekunde. Chipu inagawa, mshale unaruka, basi.

Siku ya Krismasi 1969 Seiko walianza kuuza Astron mjini Tokyo. Kasha la dhahabu, bei yen 450,000, pesa ambazo wakati huo zingekupa gari dogo. Ilipotoka sekunde tano hivi. Kwa mwezi.

Watu hupenda kusema Waswisi walilala. Si kweli. Kituo chao cha utafiti Neuchâtel kilikuwa na saa ya mkononi ya kwatzi ya majaribio tangu 1967, na za kuuza zilifika madukani 1970. Dawa walikuwa nayo mfukoni. Shida ni kwamba uchumi mzima ulikuwa umejengwa juu ya mamia ya karakana ndogo, kila moja ikitengeneza kijipande chake cha mashine ya springi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujifukuza kazi. Juu ya hayo, miaka ya 1970 faranga ya Uswisi ilipanda thamani, kwa hivyo bidhaa zao zikawa ghali zaidi ng’ambo bila wao kufanya lolote. Wajapani nao walishusha bei mwaka baada ya mwaka, Hong Kong ikaingia, na saa sahihi kuliko ya babu ikawa kitu cha kununua sokoni kama kitana.

Mwaka 1970 sekta ya saa Uswisi ilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 na kidogo. Kampuni zilitoka karibu 1,600 hadi kama 600. Hii si nchi kubwa, na kazi hizi zilikuwa kwenye miji midogo ya milimani ambako baba, mama na shangazi wote wako karakana moja. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 akinoa gia zenye unene wa unywele anaambiwa ufundi wake hauna soko. Akiwa na miaka 50. Wengine wetu tumeanza kuambiwa hivyo na kompyuta tukiwa na 25, kwa hivyo hapa mimi sicheki mtu.

Jamaa wa darini

Katika hadithi hii yote, mtu wangu ni Charles Vermot.

Zenith ilianzishwa 1865 mjini Le Locle na Georges Favre-Jacot, kijana wa miaka 22. Januari 1969 walitangaza mashine inayoitwa El Primero, ambayo hujijaza yenyewe mkono ukitembea, inapima muda kama saa ya kocha wa riadha, na hupiga mara 36,000 kwa saa moja. Kupiga haraka hivyo kunaiwezesha kupima hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Walikuwa wameikamilisha mwaka uleule wa Astron. Bahati gani hiyo!

Miaka miwili baadaye Zenith ilinunuliwa na kampuni ya Chicago yenye jina hilohilo, watu wa redio na televisheni. Mwaka 1975 amri ikatoka Marekani: acheni saa za springi, siku hizi ni kwatzi, mitambo ya zamani iuzwe kama vyuma chakavu. Kwa bei ya kilo.

Vermot alikuwa msimamizi wa karakana. Aliwaandikia wakubwa akiwaomba wasitupe kila kitu, kwamba siku moja dunia itazitaka saa hizi tena. Hawakumsikiliza. Basi akachukua mashine za kugongea vyuma, vifaa vya kukatia, michoro na vipande vya kuundia El Primero, akavipandisha darini kwa siri. Kila kifaa akakiwekea alama na kuandika kwenye daftari ni cha nini na kinatumikaje. Halafu akashuka chini, akaendelea na maisha.

Hebu ifikirie hiyo risk. Hakuwa na hisa. Angekamatwa, ni wizi wa mali ya kampuni, kazi imeenda na pensheni pia. Hakuna mtu aliyekuwa akimrekodi video. Na hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba siku hiyo aliyoiongelea ingefika.

Ilifika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Zenith ilirudi mikononi mwa Waswisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wateja wakaanza kuulizia ile mashine. Kuitengeneza upya kutoka sufuri kungegharimu pesa ambazo kampuni haikuwa nazo. Vermot akawapeleka darini. Uzalishaji ukarejea 1984. Mwaka 1988 Rolex nao wakaichukua El Primero, wakaifanyia marekebisho yao, wakaiweka ndani ya Daytona, na ikakaa humo hadi 2000 walipotengeneza ya kwao. Kwa hivyo ile Daytona ya miaka hiyo ambayo wasanii huiimba kwenye ngoma zao, moyo wake uliokolewa na msee wa karakana aliyekataa amri.

1983

Sasa Blancpain. Mwanzilishi, Jehan-Jacques Blancpain, anatajwa kuanza kazi 1735 katika kijiji cha Villeret, na kwa mwaka huo wao hujiita chapa kongwe kuliko zote. Familia iliishika hadi 1932, wa mwisho wao alipofariki. Msaidizi wake, Betty Fiechter, akainunua pamoja na mwenzake, mwanamke akiongoza kampuni ya saa Uswisi wakati hilo halikuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa ukoo wa Blancpain ndani, ilibidi kampuni ibadilishwe jina, ikawa Rayville. Baadaye ikamezwa na kundi kubwa lililomiliki Omega, na ilipofika ile dhoruba ya miaka ya 1970, jina Blancpain lilizimwa. Hakuna saa, hakuna karakana, hakuna mtu.

Ndipo Jean-Claude Biver, aliyekuwa akifanya kazi Omega, na rafiki yake Jacques Piguet, ambaye familia yake ilitengeneza mashine za saa, wakauliza: hilo jina mnauza ngapi? Wakauziwa kwa faranga 22,000 hivi. Usisahau walinunua nini. Herufi tisa na mwaka mmoja. Wakaanza upya 1983, na tangazo lao likajigamba kwamba tangu 1735 Blancpain haijawahi kutengeneza saa ya kwatzi, na haitawahi.

Ni kweli kabisa. Haikutengeneza ya kwatzi kwa sababu kwatzi ilipokuwa ikienea, Blancpain haikuwa ikitengeneza chochote. Ukitaka kuwafunza watu biashara ya maneno, anza na hapo. Mwaka 1992 waliiuza tena kwa takriban faranga milioni 60. Mimi siwezi kuwaita matapeli, maana saa walizotengeneza ni za kweli na za ustadi, na waliwapa mafundi kazi wakati wengine walikuwa wakifunga milango. Lakini ile “tangu 1735” ninaisoma nikitabasamu.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Machi, kitu cha aibu kilizinduliwa Zurich: saa ya plastiki. Swatch. Vipande 51 tu, wakati saa ya kawaida ya kwatzi ilihitaji kama 90 na kuendelea. Ilibuniwa na wahandisi vijana, Elmar Mock na Jacques Müller, chini ya bosi wao Ernst Thomke, ambao mashine hawakuiweka ndani ya kasha, waliijenga juu ya kasha lenyewe. Ikiharibika haifunguliwi. Faranga zisizofika 50. Rangi zote. Vijana wakanunua mbili, tatu, wakavaa zote pamoja.

Aliyeiunganisha picha nzima ni Nicolas Hayek, mzaliwa wa Beirut, mshauri wa biashara aliyeitwa na mabenki kutathmini makundi mawili makubwa ya saa yaliyokuwa yakizama. Alishauri yaunganishwe, yakaunganishwa 1983, kisha yeye mwenyewe akaweka pesa zake humo. Pesa za plastiki ziliwapa Omega, Longines na Tissot pumzi. Ndiyo, saa ya vijana ya kutupa ndiyo iliyozibeba zile za wazee mgongoni. Kundi hilo, leo Swatch Group, ndilo lililoinunua tena Blancpain, na mwaka 1999 likainunua Breguet. Hayek aliamuru mafundi waitengeneze upya ile saa ya Marie Antoinette wakitumia michoro na rekodi za zamani. Nakala ilikamilika 2008, na kabla haijaisha ile ya wizi ikawa imepatikana.

Ujerumani nako kuna mzee ambaye simwachi nje. Kampuni ya A. Lange & Söhne, ya Glashütte, tangu 1845. Karakana yake kuu ilipigwa bomu siku ya mwisho ya vita, Mei 1945. Mwaka 1948 serikali ya upande wa Mashariki ikaitaifisha, na Walter Lange, kitukuu cha mwanzilishi, akakimbilia Magharibi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka alikuwa na miaka 65. Watu wa umri huo hufuga kuku. Yeye alirudi Glashütte, akasajili kampuni Desemba 7, 1990, akiwa hana saa ya kuuza, hana kiwanda, hana wafanyakazi. Saa za kwanza zilitoka 1994. Ukilinganisha na Blancpain, hii pia ni chapa iliyokufa na kufufuliwa. Tofauti kwangu ni kwamba huyu alikuwa amenyang’anywa.

Turudi mtaani

Kuhusu zile Rolex za soo nane. Nyingi za bei hiyo ndani zina mashine ya kwatzi ya bei rahisi, teknolojia ileile iliyotaka kuwazika Waswisi, sasa imevaa kofia yao. Angalia mshale wa sekunde. Ukiruka tik, tik, mara moja kila sekunde, hiyo ni betri. Rolex ya kweli, ukiacha zile chache za kwatzi walizowahi kutengeneza, hupiga mara nane kwa sekunde, kwa hivyo mshale unaonekana kama unateleza. Feki za bei ya juu zinateleza pia, kwa hivyo usije kuniambia nilikuhakikishia.

Mimi ningekushauri ununue Casio F-91W uwe na amani. Ilitoka 1989, betri inakaa karibu miaka saba, na haijidai kuwa kitu kingine. Ama utafute Seiko 5 ya mtumba. Hiyo ni ya springi, hujijaza mkono ukitembea, ilianza kuuzwa 1963, mwaka mmoja kabla ya Kiprugut kukimbia Tokyo. Wazee wengi huku kwetu walivaa hizo, na kuna nyumba nyingi ambako moja imelala kwenye droo pamoja na vitambulisho vya zamani.

Ukiipata, itikise taratibu uone kama mshale utaamka. Ukiamka usiivae bado, mafuta ya ndani huwa yamekauka na gia zitasagana. Mpelekee fundi wa saa anayeifungua mbele yako kwa kifaa kinachofaa, si kwa kisu. Mfuniko wa nyuma utakuwa na namba. Kwenye Seiko nyingi za zamani tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, ila mwaka wenyewe umeandikwa kwa tarakimu moja tu. Ikiwa ni 8, inaweza kuwa 1968 au 1978. Hapo itabidi umuulize babu aliinunua lini, na kwa pesa gani.